Rangi ya Kuombea Kazi

3 Februari

Dada,

Usishtuke kupata barua kabla hujajibu ile ya mwisho. Hakuna aliyekufa. Nimeitwa.

Nimeitwa kwenye usaili, dada. Miezi kumi na minne tangu kiwanda cha sabuni kifunge lango na kutuacha nje na vitambulisho shingoni, leo kuna mtu amefungua barua yangu akaisoma mpaka mwisho. Ni bohari ya vifaa vya hospitali. Wanatafuta msimamizi wa stoo. Stoo! Kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, ninayoweza kuifanya usingizini. Nifike tarehe tano Machi, saa tatu asubuhi. Chini kabisa wameandika: "Mavazi rasmi."

Hayo maneno mawili ndiyo yamenikosesha raha. Koti nililonalo ni lile la harusi, ulilolishona mwenyewe, na kwapani limeshakuwa rangi ya chai. Nikaenda kwa kinyozi, nikauliza kama utani tu: mtu wa miaka arobaini na saba akienda kuomba kazi avae suti ya rangi gani? Ikawa bunge. Kinyozi akasema nyeusi ndiyo yenye heshima. Aliyekuwa akinyolewa akasema nyeusi ni ya wahudumu wa hoteli na wabeba majeneza. Mwingine akasema kijivu. Mwingine akasema kahawia, akajibiwa kwamba kahawia ni ya madalali wa viwanja. Nimetoka pale na nywele fupi na kichwa kizito.

Wewe umevisha watu miaka thelathini. Niambie rangi, na usicheke. Nikiikosa hii sioni nyingine mbele. Wenzangu wa umri wangu wameshaacha kuomba. Asubuhi nawaona wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao, viatu wamevaa na kamba wamefunga, hawana pa kwenda.

Wifi yako hajambo. Anasema rangi yoyote itanikaa, unamjua alivyo. Watoto wanamsalimia shangazi yao.

Mdogo wako,
Njiti


10 Februari

Njiti wangu,

Kwanza uniwie radhi kwa mwandiko. Kalamu hii ina kiburi na mistari inapanda mlima. Soma hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Nyeusi hapana. Mtu mwenye suti nyeusi amekuja kuzika au amekuja kuondoa sahani mezani. Kijivu pia hapana, wewe unatoka jasho ukiulizwa jina lako, na kijivu kinatangaza jasho. Kahawia ni rangi ya mtu ambaye kazi anayo tayari. Wewe vaa bluu. Si ya anga, si ya sare za shule. Bluu iliyokolea, ile ambayo kivulini unaweza kuapa ni nyeusi, ukiitoa juani inakiri jina lake. Aliyevaa bluu hiyo anaonekana amekuja kufanya kazi, na kwamba hata jana alikuwa kazini.

Na huendi kununua popote. Nitashona mimi. Nilikushonea kaptura ya kwanza ya shule kwa pazia la mama, ukawa unakaa kwa kujibana ili maua yasionekane. Hii haitakuwa na maua.

Mpe wifi futi akupime. Usijipime mwenyewe, maana mwanamume akijipima kifua kinaongezeka na tumbo linapungua. Nataka mabega, kifua, kiuno, mkono kutoka begani hadi kifundo, mguu kutoka kiunoni hadi kisigino. Upindo wa suruali nitauacha wazi, wifi aumalizie hapo ukiwa umevaa viatu vyenyewe.

Usiogope. Waliokuita wana shida na mtu, la sivyo wasingekuita.

Dada yako,
Fundi


16 Februari

Dada,

Vipimo hivi hapa. Mabega kumi na saba. Kifua thelathini na sita. Mkono ishirini na nne. Mguu arobaini na moja. Kiuno ishirini na tisa. Ndiyo, ishirini na tisa, usirudie kusoma. Wifi yako alinisimamisha mlangoni jana kama askari na kunizungusha mpaka nikapata kizunguzungu.

Nimekuwa nikijizoeza majibu mbele ya kioo. Kuna sentensi moja inanishinda, "kiwanda kilifungwa." Kila nikiisema sauti inakatika katikati, kama mimi ndiye niliyekifunga. Jana nimeisema mara ishirini. Ya ishirini ilitoka vizuri kidogo.

Nakuamini kwenye bluu. Tangu barua yako ifike nimeacha kuuliza watu.

Njiti


27 Februari

Njiti wangu,

Imeisha. Nimempa kondakta wa basi mkononi, imefungwa kwa gazeti na shuka, usiikunje tena.

Imenichukua siku tisa. Zamani ningemaliza kwa siku mbili, lakini usiulize, uzee nao unataka kushona. Kola nimeitoa na kuirudisha mara tatu. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, nimeuchimba uwe mrefu ili vyeti vyako vikae bila kukunjwa. Ukiipata, ingiza mkono ndani ya koti, upapase bitana kuanzia begani mpaka chini. Hutahisi mshono. Nimeshona nguo nyingi maishani, lakini hii, nikisema mwenyewe, sijawahi.

Siku hiyo kunywa chai nzito. Ukiingia usikae kabla hujaambiwa. Na ukiulizwa swali usilolijua, sema hulijui, halafu nyamaza. Wewe ukiwa na hofu unaongea sana.

Nitakuwa macho tangu alfajiri nikikufikiria.

Dada yako,
Fundi


6 Machi

Dada,

Nilitaka nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa.

Suti ilikawia ofisi ya mabasi, nikaipata juzi jioni. Nikaivaa chumbani chini ya balbu, ikanikaa kama nimezaliwa nayo. Jana nikaondoka nyumbani jua halijatoka. Saa mbili nilikuwa nimeshafika. Wakatuweka kwenye korido ya ghorofa ya tatu, watu kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, na upande mmoja ukuta mzima ni vioo. Jua likapanda. Mimi nipo, nakariri majibu yangu. Mwombaji mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka kama ishirini, akanigusa goti.

"Mzee, samahani. Hiyo ndiyo fasheni ya sasa?"

"Ipi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nikatazama. Koti bluu. Suruali nyeusi.

Si nyeusi ya kubahatisha, dada. Nyeusi ti. Nikavua koti nikalilaza mapajani, kama mtu anayeona joto. Nilipoitwa, mpokea wageni akaninong'oneza, "Mzee, vaa koti, huko ndani hawataki shati tupu." Nikavaa.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mama mmoja, miwani inaning'inia shingoni. Akaivaa. Akanitazama kutoka kola hadi viatu, akapanda tena. Hakucheka. Heri angecheka.

"Stoo yako ilikuwa na bidhaa aina ngapi?"

Nikasema mia nne na kitu.

"Ulizitofautisha vipi?"

Nikasema kwa lebo, kwa namba, na kwa macho. Kwamba miaka kumi na tisa sijawahi kutoa pipa la magadi mahali pa pipa la chumvi.

"Kwa macho," akasema. Taratibu hivyo. Mwenzake akainama akajifanya anaandika. Baada ya hapo sikusikia swali hata moja. Najua niliulizwa, kwa sababu niliona midomo ikitembea.

Umekuwa fundi miaka thelathini. Huwezi kuniambia hukuona. Umenishonea kwa masalio ya wateja, ukajua mdogo wako hatasema, na hata akisema atamwambia nani. Kama kitambaa hukuwa nacho ungesema. Ningeazima. Ningekwenda na shati. Watu huaibishwa kwa kuvuliwa nguo, mimi dada yangu kaniaibisha kwa kunivisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walimaanisha suti.

Tangu mama afariki umependa kuwaambia watu kwamba wewe ndiye uliyenilea. Basi kitazame ulichokilea. Na usinishonee tena kitu chochote. Hata sanda.

Njiti


14 Machi

Njiti,

Nisamehe. Kazi zilikuwa nyingi nikafanya haraka.

Kula chakula.

Dada


21 Machi

Kwako Njiti,

Hunijui. Mimi ni jirani wa dada yako, mlango wa pili, mkunga mstaafu. Nimezalisha nusu ya mtaa huu, na ni wachache sana niliotamani kuwarudisha walikotoka. Baada ya barua yako ya tarehe sita, umeingia kwenye hao wachache.

Naandika bila ruhusa yake. Akijua atanuna mwezi mzima, na anune.

Dada yako haoni.

Ilianza miaka miwili iliyopita, pembeni, kama mtu anayevuta pazia polepole. Daktari akasema ni presha ya macho. Akasema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo: mwanga, vivuli, mtu akisimama mlangoni anamwona kama nguo iliyotundikwa. Rangi zilitangulia kuondoka. Uzi anautunga kwa ulimi. Mshono anausoma kwa kidole gumba. Aliniapisha nisimwambie mtu, wewe wa kwanza, maana alisema, "Nani atampelekea kitambaa fundi asiyeona?" Nami nikanyamaza. Kwa miaka arobaini nimewaambia wanawake kwamba mficha uchi hazai, halafu nikamsaidia jirani yangu kuficha.

Kitambaa chako cha bluu nilikwenda naye dukani. Nilikichagua kwa macho yangu haya, nikakitoa nje juani kukihakikisha. Kisha binti yangu akaugua, nikaenda kumuuguza wiki mbili. Huku nyuma akaja mjane mmoja na kitambaa cheusi cha sketi na koti. Kimetoka duka lile lile, uzito ule ule. Vyote vikakaa rafu moja. Kidole hakijui rangi.

Barua zako zote tangu mwaka jana ninazisoma mimi. Kwa hiyo na hiyo nimeisoma mimi. Fikiria hilo. Maneno yako yametoka kinywani mwangu, nimekaa kwenye kiti cha wateja, yeye ameshika ukingo wa cherehani kama mtu anayechungulia kisima. Nilipofika kwenye masalio nikataka kuruka mstari. Akajua.

"Mbona umevuta pumzi? Soma. Ni mdogo wangu mimi, si wako."

Nikasoma mpaka kwenye sanda. Halafu akanyanyuka, akapapasa rafu, akatoa kitambaa kilichokuwa kimekunjwa, akanisogezea.

"Hiki ni rangi gani?"

Nikasema bluu. Ilikuwa suruali yako nzima, haijaguswa na mkasi.

Mjane alikuja siku ya tatu. Nilimwambia dada yako asingizie wezi. Akakataa. Akamwambia ukweli palepale mlangoni, kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. "Sioni, mama. Kitambaa chako cha msiba nimemshonea mdogo wangu suruali ya kuombea kazi." Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hata kitufe cha kushikiza.

Ile mistari miwili aliyokuandikia, aliiandika peke yake kwa saa nzima, rula kaiweka chini ya mkono. Karatasi nne alizitupa.

Sasa unajua. Fanya unavyoona.

Mkunga


28 Machi

Dada, na wewe Mama Mkunga unayesoma. Soma yote, usiruke.

Barua ilinikuta uani nafua. Nimeisoma nimechutama pale pale, na maji yakaendelea kumwagika kutoka bombani mpaka jirani akaja kuyafunga, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo.

Suti nilikuwa nimeisukumia chini ya kitanda siku ile ile. Nimeitoa. Nimefumba macho nikaingiza mkono ndani ya koti, kuanzia begani mpaka chini, kama ulivyoniambia. Ni kweli, dada. Sikuhisi mshono.

Nami nina la kukuambia. Wifi yako hayupo. Aliondoka Agosti na watoto, akaenda kwa wazazi wake. Hatukugombana. Alinisubiri nirudi kuzunguka kwenye maofisi, mabegi yamepangwa mlangoni, akasema, "Sikuachi. Nawapeleka watoto kwenye chakula." Nikambebea begi kubwa mpaka kituoni. Mwanzoni alikuwa akiandika kila wiki. Sasa anaandika mkubwa wa watoto, na anachoandika ni habari za shule. Mdogo ameacha kuuliza nitakwenda lini.

Kila salamu niliyokuletea kutoka kwake niliitunga mimi. Vipimo nilijipima mwenyewe kwa kamba ya kiatu, kisha kamba nikaipima kwa rula. Upindo nimeupinda mwenyewe, mguu mmoja una uzi, mwingine una pini. Kungekuwa na mtu mmoja humu ndani, mmoja tu wa kunitupia jicho nikipita dirishani, angesema wewe, rudi, umevaa nini. Nimekulaumu kwa kutoona, mimi mwenye macho mawili mazima niliyesimama mbele ya kioo nikaona suti nzuri. Nilitaka iwe nzuri, basi nikaiona hivyo.

Lile neno la mwisho la barua yangu, nimekaa nalitafutia pa kulirudisha. Sipaoni. Limeshasemwa, tena kwa sauti ya mtu mwingine, mbele ya uso wako.

Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani, maana maneno ndiyo niliyoyaharibu.

Mdogo wako


6 Aprili

Njiti wangu,

Anaandika Mkunga, ninasema mimi. Nimemkataza kutia chumvi.

Nilijua wifi hayupo. Mkunga alipomaliza ule mstari wa koti bluu suruali nyeusi, kabla hata sijayafikiria macho yangu, nilisema moyoni: hakuna mwanamke anayemwacha mumewe atoke mlangoni hivyo, hata kama wamenuniana mwaka. Kwa hiyo hayupo. Na kiuno ishirini na tisa nikakielewa papo hapo. Ndiyo maana nilikuandikia, "Kula chakula." Sikuwa na jingine la kusema ambalo lisingekuvunja.

Usiniombe msamaha kwa kuona. Suruali ilikuwa nyeusi. Ulichokosea ni masalio. Hilo lilinichoma, na nakuambia ili liishe, nisije nikazeeka nalo. Tangu ukiwa na miaka saba, wewe sijawahi kukukatia masalio. Lile pazia la mama lilikuwa zima.

Nawe usidhani nilificha kwa ushujaa. Niliogopa tu. Nilidhani nikinyamaza sana na nikishona vizuri sana, giza litanipita kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilipokubali suti yako nilijua sitakiwi kukubali. Nilitaka iwe ya mwisho na iwe nzuri kuliko zote, halafu nifunge mwenyewe, kabla sijafungwa. Ndivyo kiburi kilivyoniponza, na wewe ndiye uliyekivaa mbele ya watu.

Watu wananifariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo langu halijavunjika. Lipo mezani, zima. Aliyevunjika ni mhunzi. Asubuhi nafungua mlango kwa mazoea, nakaa. Wapita njia wananisalimia kwa kupaza sauti, kana kwamba nimekuwa kiziwi.

Mwenye fremu hii ya duka ninayokodi amekuja. Alizungumza kwa upole sana, na mtu akiwa mpole hivyo ujue ameshaamua. Kuanzia mwezi wa tano anataka kuweka fundi wa simu. Chumba cha nyuma ninacholala kinakwenda pamoja na fremu. Mkunga anasema nihamie kwake, lakini Mkunga anaishi na binti na wajukuu wanne kwenye vyumba viwili, na hapa ameacha kuandika ananibishia.

Wale watu wameshakujibu? Usikate tamaa kabla hawajakukatia wao.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Wamenijibu. Mistari mitatu: wananishukuru, nafasi imeshajazwa, wananitakia kila la heri. Nilikuwa naikunja ndipo nikaiona tarehe iliyo juu. Tatu Machi.

Usaili ulikuwa tarehe tano.

Nikasema wamekosea kuandika. Nikaenda kwa miguu mpaka pale, ghorofa ya tatu, nikamwekea mpokea wageni barua mezani. Akaisoma, akautazama mlango wa wakubwa, akainama kama anatafuta kalamu.

"Mzee, mtu alikuwa ameshapatikana tangu Februari. Utaratibu unawataka waite watu, wakaita."

"Sisi wote kumi na mmoja?"

"Wote, mzee. Barua za majibu nilizichapa mimi. Nisamehe."

Na yule aliyenionyesha suruali yangu, naye yumo. Alikuwa amevaa kijivu kizuri sana.

Nilirudi nikikokota miguu. Kwa hiyo yule mama alikuwa anajua wakati ananiuliza juu ya macho. Alikuwa anapitisha muda. Ungenivisha dhahabu au ungenivisha gunia, ingekuwa barua ile ile. Siku zako tisa, dada. Kola mara tatu. Mwanga wako wa mwisho umeutumia kunipeleka kwenye mlango ambao haukuwepo, nami nikarudi kutoka kwenye mlango huo na kukuandikia niliyoyaandika.

Sijui niwakasirikie vipi. Hasira yote niliyokuwa nayo nilikumalizia wewe.

Njoo ukae na mimi. Sitakudanganya tena, kwa hiyo sikiliza palivyo. Ni chumba kimoja, cha tatu kati ya sita vilivyopangana. Bomba liko uani, hatua kumi na nane kutoka mlangoni, nimezihesabu kwa ajili yako, na hatua ya tano kuna ngazi iliyobomoka. Paa linavuja upande wa dirisha. Kitanda cha watoto kipo kitupu, utalala hicho, ni kifupi kidogo. Siku mbili kwa wiki napakua sementi kwenye ghala moja huku, siku nyingine narudi mikono mitupu. Sitakuambia mambo yatakaa sawa. Nimeacha kusema hivyo hata nikiwa peke yangu. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba nitakuwepo nyumbani, maana sina pa kwenda.

Nimemwandikia wifi yako nikamweleza yote. Hajajibu.

Njiti


23 Aprili

Njiti wangu,

Nimesema hapana siku tano. Ya sita Mkunga akaniuliza hapana hiyo nitaipeleka wapi tarehe moja mwezi ujao. Nikaanza kufunga begi.

Cherehani amechukua mjane. Hakuomba, nilimpa mimi. Nilisikia wanaitoa, na gurudumu likagonga kizingiti, nikataka kupiga kelele waibebe vizuri. Mkasi nimebaki nao. Sijui wa nini.

Nafika Jumamosi, saa saba mchana. Mkunga atanipandisha huku. Huko nitateremka mwenyewe, nimemkatalia asimwambie kondakta aniangalie kama mzigo. Nina begi moja na gunia la nguo.

Nakuambia hili sasa, ili tusianze kwa kudanganyana tena. Mimi si yule aliyekulea. Namwaga maji. Nakosa mlango. Nikiwa na hofu nakuwa mkali, na siku hizi hofu haiishi. Kuna asubuhi naamka nimesahau, nafungua macho nikisubiri dirisha, halafu nakumbuka. Saa hizo usiseme nami. Nawe utakuwa na za kwako. Tutakuwa watu wawili tusio na kazi kwenye chumba kimoja kinachovuja, na majirani watasema mengi. Waseme.

Ninalo ombi moja. Kituoni ukiniona, usinikimbilie ukanishika. Sasa hivi watu wananishika bila kusema. Mkono unakuja kutoka popote, unanivuta, sijui ni wa kunivusha barabara au wa kuniibia, na moyo unasimama mpaka nisikie sauti. Mkunga peke yake ndiye anayejua kuanza na neno.

Kwa hiyo simama mbele yangu, useme. Sema lolote. Hata ukiwa umekasirika, sema. Nitasimama hapo hapo nilipoteremka, sitasogea hata wakinisukuma. Nikishasikia ni wewe, ndipo unishike.

Dada yako